Kubana mafuta ya gari Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Ushauri mwingi wa kubana mafuta unawafaa watu wanaoendesha kwenye tambarare. Ukiufuata ukiwa Mbeya, Njombe au Iringa utakusaidia nusu tu, kwa sababu huku kwetu kuna mla mafuta mkubwa kuliko foleni, naye ni mlima. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko karibu mita 500. Gari la tani moja na nusu likipanda mita 1,000 linakula kati ya lita moja na nusu na lita mbili za petroli kwa kule kujinyanyua peke yake, mbali na mafuta ya kulisukuma mbele.

Lakini mafuta hayo hayajapotea. Ukifika kileleni unayo bado, yamegeuka kuwa kimo. Anayejua kuteremka anarudishiwa sehemu yake nzuri. Anayeteremka huku amekanyaga breki mwanzo hadi mwisho anayateketeza kwenye pedi. Naendesha Noah ya petroli kati ya Mbeya, Makambako na Njombe, na nimeshajionea kwamba tofauti ya dereva na dereva kwenye barabara hizi iko kwenye miteremko na kwenye vifaa viwili vitatu vya gari ambavyo watu hawavikagui. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: jua gari lako linakula kiasi gani

Mtu akikuambia gari lake "halili mafuta", muulize linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Wengi hawajui. Mshale wa dashibodi haupimi, na kuweka mafuta ya elfu kumi kumi kunakuondolea kabisa uwezo wa kujua.

Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usimruhusu mhudumu aendelee kuongeza matone. Andika namba ya odometa. Tembea kama kawaida, kisha urudi kituo kilekile, ikiwezekana pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Ukitembea kilomita 412 na kuongeza lita 33.4, gari lako linakwenda kilomita 12.3 kwa lita.

Huku kwetu kuna sharti moja zaidi: pima safari ya kwenda na kurudi, usipime ya upande mmoja. Kutoka Mbeya hadi Kyela, ukishavuka Isyonje unashuka muda mrefu, na ukipiga hesabu ukiwa Kyela utadhani umepata gari la ajabu. Kesho yake ukirudi utadhani limeharibika. Ukweli uko kwenye jumla ya safari zote mbili.

Nunua daftari dogo likae kwenye gari. Kila hatua inayofuata utaipima kwa daftari hilo. Na badilisha kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha plagi, oili na filta siku moja hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Hatua ya pili: upepo wa matairi

Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo ya mlango au pembeni yake. Kimeandikwa upepo unaotakiwa mbele na nyuma. Magari mengi ya Kijapani huandikwa kwa kPa, wakati vipimo vingi vya upepo husoma psi: 220 kPa ni karibu psi 32, na 230 kPa ni karibu psi 33. Hicho ndicho kipimo chako. Namba iliyoko ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haihusiani na gari lako, ingawa mafundi pancha wengi huifuata, na wengine hupiga teke wakasema upepo upo. Nunua kipimo chako mwenyewe.

Pima asubuhi kabla hujatembea. Hili lina uzito maalumu hapa kwetu kwa sababu ya baridi. Upepo hupungua takriban psi moja kwa kila nyuzi joto tano au sita zinazoshuka. Ukijaza saa nane mchana matairi yakiwa ya moto, jua likiwa nyuzi 25, halafu asubuhi ya mwezi wa saba pale Mafinga au Makete ikawa nyuzi 5, utakuwa umepungukiwa psi tatu au nne bila tairi kuvuja. Mei hadi Agosti pima kila wiki. Tairi laini linashika barabara kama ugali, injini inalazimika kulivuta.

Usijaze kupita kipimo ukitarajia kubana zaidi. Rungwe mvua hainyeshi kwa miadi, na tairi gumu mno kwenye lami yenye maji halishiki vizuri.

Hatua ya tatu: angalia kama gari lako bado lina themostati

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo mafuta yangu yalipokuwa yanapotelea kwa zaidi ya mwaka.

Themostati ni kidude kidogo cha chuma chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa ya baridi kinafunga, maji yazunguke ndani tu ipate joto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi, kutegemea gari, kinafunguka yaende rejeta kupoa. Mafundi wengi wana mazoea ya kukitoa na kukitupa mara gari linapochemsha. Mimi niliambiwa, "Mzee, huku kwetu themostati haina kazi, inakuchemshia gari bure." Nikakubali. Gari likaacha kuchemsha, nikafurahi.

Nisichojua ni kwamba kompyuta ya gari, ikiona injini ni ya baridi, huongeza petroli ili isizime, kama zamani tulivyokuwa tunavuta choki. Bila themostati, maji yanakwenda rejeta tangu dakika ya kwanza. Kwenye joto la Dar es Salaam injini bado inaweza kufikia joto lake. Kati ya Makambako na Njombe, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya miti ya misonobari, haifiki. Siku moja nikautazama mshale wa joto kwa makini: chini ya robo. Nikaupita mji, bado chini ya robo. Kwenye mteremko ukashuka zaidi. Saa nzima gari lilikuwa linakunywa kama limewashwa sasa hivi.

Nilirudisha themostati mpya na kofia mpya ya rejeta. Daftari langu lilikuwa linasoma kilomita 8.6 kwa lita; safari mbili zilizofuata za njia ileile likasoma 9.7.

Kwako, fanya hivi. Kama dashibodi yako ina mshale wa joto, baada ya dakika kumi za kutembea uwe umetulia karibu na katikati. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale, yana taa ya bluu ambayo huwaka injini ikiwa ya baridi. Taa hiyo ikichukua muda mrefu kuzimika, au ikirudi kuwaka ukiwa unateremka, themostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua mpya, ijaribu kabla haijafungwa: itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni, uitazame. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini yanatosha. Lazima uione ikifunguka kabla hayajachemka.

Na kama gari lilikuwa linachemsha kweli, tafuta sababu yake. Mara nyingi ni kofia ya rejeta iliyochoka. Kwa kuwa maji yetu huchemka mapema, tunategemea sana kofia hiyo ishike presha. Nyingine ni rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, au feni isiyozunguka. Weka kulanti (dawa maalumu ya rejeta) badala ya maji matupu.

Hatua ya nne: breki zinazoshika bila kukanyagwa

Tope la barabara za vijijini likikauka kwenye pini za kaliperi, yaani kile kishikio kinachobana pedi za breki, breki hukanyagwa ikashika lakini hairudi vizuri. Unatembea huku umefunga breki kidogo, siku nzima.

Tafuta mahali tambarare kabisa, weka gia huru, achia hendibreki, mtu mmoja alisukume gari ukiwa umekaa kwenye usukani. Gari dogo linatakiwa lianze kutembea bila kumtoa jasho. Kisha tembea kilomita tano bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, usogeze kiganja karibu na rimu kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, umepata mwizi wako. Kusafisha na kupaka grisi pini ni kazi ya saa moja gereji. Usisahau waya wa hendibreki, nao hukwama.

Wakiwa hapo wakupimie na alaimenti, hasa kama unapita barabara za vumbi na makorongo. Usukani ukivuta upande mmoja au tairi likiliwa pembeni, tairi zako zinaburuzwa.

Hatua ya tano: mengine ya gereji

Taa ya injini ikiwaka, peleka gari kwenye mashine likasomwe kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, na urekebishe kilichoonekana. Kufuta kodi peke yake hakutibu kitu. Sensa ya oksijeni ikifa, kompyuta hukisia mchanganyiko wa hewa na petroli, na mara nyingi hukisia kwa kuzidisha petroli.

Plagi badilisha kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Za iridiamu hudumu kilomita nyingi kuliko za kawaida, ila za bandia zimejaa, nunua kwa muuzaji unayemwamini. Oili fuata daraja la kitabu. Gari linalotaka oili nyepesi ya 5W-30 ukilitia 20W-50 kwa sababu "ni nzito, inalinda injini", kila asubuhi ya baridi injini inajikokota kwenye uji.

Filta ya hewa nina maoni tofauti kidogo na wengi. Kwenye gari la kisasa la petroli filta chafu hupunguza nguvu kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta hupima hewa na kutoa petroli kwa kadiri yake. Lakini injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa ni nyepesi. Mbeya umeshapoteza asilimia 15 hivi kabla hujawasha. Ukiongeza na filta iliyojaa vumbi la Chunya, gari linakuwa zito na mguu wako unazidi kukandamiza. Kwa hiyo ikague kila oili inapobadilishwa. Wenye dizeli, moshi mweusi kwenye mlima ni mafuta yaliyotoka bila kuungua; anza na filta, kisha mabomba ya tabo, kisha nozeli zinazonyunyizia mafuta.

Hatua ya sita: asubuhi usilipashe moto gari ukiwa unakunywa chai

Uyole na Tukuyu ni jambo la kawaida kusikia gari likiunguruma uani dakika kumi au kumi na tano. Injini ndogo ikiwa imesimama hula nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na ya baridi hula zaidi. Dakika kumi kila siku ya kazi ni lita mbili hadi nne kwa mwezi, na hujatoka getini. Washa, funga mkanda, subiri nusu dakika hadi dakika moja, ondoka taratibu. Kilomita mbili za kwanza usikanyage kwa nguvu. Injini hupata joto haraka zaidi ikiwa inatembea.

Hatua ya saba: kupanda

Kwenye mlima mrefu kama Kitonga kosa kubwa la wenye gari la otomatiki ni kuliacha lihangaike na gia: linapanda ya nne, linazidiwa, linarudi ya tatu, linapanda tena. Magari mengi yetu ya zamani kidogo yana kitufe cha O/D (overdrive, yaani gia ya mwisho) kwenye gia. Kibonyeze mlima unapoanza, taa ya O/D OFF iwake, gari litulie kwenye gia ya tatu. Ukimaliza mlima kibonyeze tena taa izimike. Naomba utazame dashibodi yako leo: nimekutana na watu ambao taa hiyo inawaka tangu wanunue gari, hawajui ni ya nini. Wamekuwa wakitembea barabara kuu bila gia ya mwisho miaka yote.

Mwenye gia za mkono, shusha gia kabla gari halijaanza kutetemeka. Likishatetemeka umechelewa, utalazimika kukanyaga mara mbili.

Malori ya Zambia na Kongo yatakuwa mbele yako. Usimsogelee lori mpaka kisigino, ukawa unakanyaga na kuachia, unakanyaga na kuachia. Baki nyuma kiasi cha kuweza kutembea mwendo wake bila breki, na uone mbele. Panapofunguka, salama, pasipo mstari wa kukataza, unapita kwa mwendo ulio nao tayari. Pasipofunguka, tulia. Hakuna lita inayolingana na kukutana uso kwa uso kwenye kona.

Mita mia moja kabla ya kilele, anza kuachia mafuta. Gari litafika lenyewe.

Hatua ya nane: kushuka

Hii ndiyo hatua yenye fedha nyingi na yenye imani potofu nyingi. Madereva wengi wakifika kileleni wanaweka gia huru wakiamini wanabana. Gari la kisasa lenye nozeli za kompyuta linafanya kinyume. Ukiwa kwenye gia, mguu umeutoa kabisa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka gia huru, injini inajitegemea, kwa hiyo inapewa mafuta isizime. Kwenye mteremko mkali, aliyeko kwenye gia anatumia sifuri na aliyeko kwenye gia huru anatumia.

Jambo la pili ni uhai. Gia huru inakuachia breki peke yake, nazo zikipata moto sana zinaacha kushika. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umeona ajali nyingi za magari yaliyofeli breki, na kila anayeishi Mbeya anajua. Kushuka kwenye gia kunakubania mafuta na kunakulindia breki kwa wakati mmoja.

Kanuni ya gia ni nyepesi: shuka na gia ambayo ungepandia mlima huohuo. Otomatiki, zima O/D. Ikiwa bado linakimbia, shusha kwenye 2. Injini italia, mshale wa mizunguko utapanda mpaka 3,000 au zaidi, na hapo ndipo watu wanaogopa na kurudisha D. Usiogope. Mlio huo hauli mafuta, ni magurudumu yanayosukuma injini. Breki ikanyage kwa muda mfupi na imara kupunguza mwendo, kisha achia. Usiiegemee mteremko mzima.

Pale mteremko unapoisha na mlima mwingine unaanza, kama ilivyo mara nyingi kati ya Isyonje na Tukuyu, usikanyage breki bila sababu. Kama njia ni nyeupe na mwendo ni wa halali, achia gari lishuke litumie nguvu hiyo kupanda mlima wa pili. Ndiyo yale mafuta uliyokwisha kuyalipia.

Gari la kabureta halikati mafuta hivyo, lakini sababu ya breki inabaki palepale.

Hatua ya tisa: tambarare na alama za 50

Kati ya Igawa, Chimala na Igurusi barabara inanyooka na mguu unashawishika. Ukitoka 90 kwenda 110, nguvu ya upepo unaokukinga mbele inaongezeka kwa karibu nusu. Kwenye kilomita 60 unaokoa dakika saba. Mimi nakaa 80 hadi 90.

Kisha vijiji. Alama ya 50, kilomita moja, alama ya kuruhusu, na mbele tena 50. Dereva anayekimbia mpaka kwenye alama, akaona tochi, akakandamiza breki, halafu akakanyaga kwa hasira kutoka, anaununua mwendo uleule mara ishirini kabla ya Makambako. Ukiiona alama kwa mbali, achia mafuta ukiwa kwenye gia, gari lijipunguze lenyewe mpaka 50. Matuta vilevile. Mjini, kuanzia Uyole hadi Mafiati, fungua nafasi mbele yako kwenye foleni ili utembee polepole badala ya kusimama na kuondoka.

Hatua ya kumi: mzigo, kiyoyozi na kununua mafuta

Mtu hatoki Tukuyu mikono mitupu. Ila mkungu wa ndizi uingie ndani. Juu ya keria unakinga upepo safari nzima. Keria lisilotumika lifungue. Viazi na parachichi za wiki iliyopita zitoe kwenye buti.

Kiyoyozi huku hakihitajiki sana, zima. Isipokuwa ukungu: kioo kikifunga Isyonje, washa bila kufikiria mafuta, maana ndicho kinachokausha kioo haraka.

Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na unaweza kuziangalia kwa kupiga *152*00#. Zina gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, ndiyo maana Mbeya ni ghali kuliko Dar es Salaam. Ukitoka huko, jaza tanki kabla ya kuanza safari. Kujaza alfajiri "mafuta yakiwa mazito" hakukupi chochote, matanki ya kituo yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki kwa saa. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidonge vya kutia kwenye tanki usivinunue.

Na usikubali kuanza Kitonga au barabara ya Chunya ukiwa na chini ya robo tanki. Pampu ya petroli imo ndani ya tanki na hupozwa na petroli hiyohiyo. Kwenye mwinuko mkali mafuta hukimbilia nyuma, pampu ikanyonya hewa, gari likakata katikati ya kona na lori nyuma yako.